Sura ya Saba: Piga, Chukua, Kata

Simu ilikuwa moja, na ilikaa mezani kwa mhasibu. Meneja alikuwa na meza kubwa zaidi na kiti cha kuzunguka, lakini mhasibu ndiye aliyelipa bili, na kwa sababu hiyo ndiye aliyetunza ufunguo wa kikufuli kidogo cha shaba kilichotiwa kwenye tundu la kwanza la kizungushio cha namba. Simu ikilia, yeyote aliweza kuipokea. Kupiga ni habari nyingine. Ulieleza kwanza unampigia nani, kwa jambo gani na kwa dakika ngapi. Mzee huyo akiridhika, alifungua.

Huo ulikuwa mwaka 1999, katika ofisi ya shamba moja la mkonge nje kidogo ya mji wa Muheza. Nilikuwa kijana wa kompyuta kutoka Tanga, na kazi niliyopewa ilionekana ya nusu siku. Makao makuu mjini Tanga, chini ya kilomita 40 kutoka pale, yalikuwa na seva ya baruapepe. Nilitakiwa kuiunganisha kompyuta ya shambani na seva hiyo kwa laini ya simu, ili barua zisiwe zinachapishwa Tanga na kupewa kondakta wa basi azilete ndani ya bahasha.

Nusu siku ikawa wiki tatu. Modemu haikunisumbua sana. Kilichonichukua muda wote ule ni swali ambalo kikufuli cha mzee kilikuwa kimeshalijibu kwa namna yake zamani: nani apige, apige saa ngapi, na nani alipe.

Barua haikujii, unaifuata

Kabla ya kugusa waya wowote, ilinibidi nimweleze mzee kitu kinachoitwa seva. Nilianza vibaya, kwa maneno ya darasani. Akanikatiza.

"Mwanangu, sema kwa lugha ya watu. Barua yangu iko wapi?"

"Iko Tanga, mzee."

"Nani ameishika?"

Hapo nikapata njia. Nikamwuliza anapataje barua zake za kawaida. Akacheka, maana jibu analijua kila mtu. Kwetu tarishi hapiti nyumba kwa nyumba. Una S.L.P. yako posta, barua inaingizwa humo, inakaa. Usipokwenda, haiji. Ukienda na ufunguo wako, unafungua, unachukua, unaondoka, na kisanduku kinabaki kitupu kikisubiri zingine. Seva ya baruapepe ni posta ya namna hiyo. Anwani yako ni namba ya sanduku, neno la siri ni ufunguo, na modemu ni ile safari ya kwenda mjini.

Mfano huu haudanganyi hata ukiubana. Kuna njia mbili kuu za kusoma barua iliyo kwenye seva, na zote zina mfano wake kwetu. Ya kwanza, POP, iliyobuniwa mwaka 1984, ni S.L.P. kamili: unafungua, unachukua vyote, unakwenda kusoma nyumbani. Ya pili, IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin huko Stanford mwaka 1986, ni masjala ya serikali: faili halitoki, unalisoma palepale dirishani, na kila ukitaka ukurasa mwingine unamwomba karani. Masjala ni nzuri ukiwa jengo moja nayo. Ukiwa Muheza na saa ya simu inahesabu, kusimama dirishani ukisoma ni kuchoma pesa. Tukachagua POP.

Kitu kimoja zaidi kilihitaji kuelezwa: kwa nini tusipige moja kwa moja Dar es Salaam? Katikati ya miaka ya 1990 kampuni za kwanza za kuuza intaneti, Cyber Twiga ikiwa miongoni mwao, zilifungua milango huko Dar. Mtu wa Muheza aliweza kuzipigia, lakini kwa bei ya simu ya masafa marefu. Kampuni ya mkonge ikapanga ngazi. Seva ya Tanga ingepiga Dar mara chache kwa siku, ibebe na kushusha barua za ofisi zote kwa mpigo. Muheza ingepiga Tanga tu. Ndivyo hata treni ilivyofanya kazi tangu reli ya Tanga ilipofika Muheza mwaka 1896: gunia moja la barua hadi stesheni, kisha kila mtu achukue yake.

Waya unaokatika kwa makusudi

Neno simu asili yake ni la Kiajemi, na maana yake ni waya. Waya wenyewe haujui barua. Laini ya simu ilitengenezwa kubeba sauti ya mtu, na hata hiyo haibebi yote: hupitisha kati ya mitetemo 300 na 3,400 kwa sekunde, inayotosha kumtambua shangazi yako lakini haitoshi kufurahia taarabu. Kompyuta, kwa upande wake, haina sauti. Ina sifuri na moja. Modemu ni mkalimani anayekaa katikati: hugeuza sifuri na moja kuwa milio, na mwenzake wa upande wa pili huigeuza milio kuwa sifuri na moja tena. Ule ukelele wa mwanzo, unaoanza kama filimbi na kuishia kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji, ni modemu mbili zinazoulizana: unasikia vizuri? twende kwa kasi gani?

Mzee aliposikia mara ya kwanza alisogeza kiti nyuma. "Mwanangu, mimi nataka barua. Sitaki muziki."

Modemu huamrishwa kwa herufi chache zinazoanza na AT, lugha iliyoletwa na kampuni ya Hayes ya Marekani mwaka 1981 na kuigwa na karibu watengenezaji wote. ATZ ni "sahau yote, anza upya." ATH ni "kata." ATD ni "piga," na hapo ndipo inapobidi uijue simu yako. Ukiandika ATDT, modemu hupiga namba kwa milio, kama simu ya vitufe. Ukiandika ATDP, hupiga kwa mapigo, kama simu ya kuzungusha: kwa namba 7 hukata na kuunga waya mara saba upesi upesi, kwa namba 3 mara tatu. Laini yetu ilikuwa ya zamani. Nikaandika ATDP, na modemu ikaanza kulia tak-tak-tak kama mtu anayevunja kuni mbali.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinyamaza kidogo. Kisha akainama, akakitazama kikufuli chake, kilichofungwa vizuri kwenye simu yake, na ufunguo ukiwa mfukoni mwake mwenyewe.

"Huyu mgeni wako amepigaje?"

Makarani wa zamani wanalijua jibu. Kikufuli huzuia gurudumu lisizunguke, hakizuii waya usikatike. Ukigonga kile kitako ambacho mkonga hulalia, mara saba upesi kwa saba, mara tatu kwa tatu, namba inapita. Wengi waliokuwa vijana ofisini miaka ya 1970 na 1980 walipiga simu za wachumba wao hivyo, mkubwa akiwa kwenye chakula cha mchana. Modemu haikufanya miujiza. Iligonga kitako tu, na iligonga kwa usahihi kuliko karani yeyote.

Mzee alijua mchezo huo. Siku hiyo jioni nilipofunga mkoba kuondoka, nilikuta adapta ya modemu haipo. Alikuwa ameichomoa ukutani na kuifungia kwenye droo ya meza. Kikufuli kilikuwa kimehama tu.

Mlinzi na modemu

Upande wa Tanga kazi ilikuwa fupi. Seva ilikuwa na Windows NT 4.0, na ndani yake huduma ya kupokea wapigaji wa mbali. Unaiambia modemu iko wapi, unamwandikisha mtumiaji na neno lake la siri, unaipa kompyuta ya Muheza anwani ya ndani itakayotumia wakati wa simu, basi. Mapatano kati ya mashine mbili hufuata utaratibu unaoitwa PPP: kwanza zinakubaliana jinsi ya kufunga vifurushi, kisha mgeni anajitambulisha, kisha anapewa anwani. Barua zinazotoka hupita mlango namba 25, zinazochukuliwa hupita mlango namba 110. Kosa linalowapoteza wengi hapa ni dogo: programu ya barua inaitafuta seva kwa jina, na kwenye laini ya simu hakuna wa kulitafsiri. Andika namba ya seva badala ya jina lake, na nusu ya matatizo yanakwisha.

Tulichagua nyakati mbili za kupiga: saa 12 na nusu asubuhi na saa 12 na nusu jioni. Sababu ilikuwa korona. Ile mashine ya kukamua majani ya mkonge ikiwashwa asubuhi, taa za ofisi hufifia na kompyuta hujizima ikitaka. Barua zilitakiwa zipite kabla haijaamka na baada ya kulala.

Wiki nzima ya kwanza, simu ya asubuhi haikuunganika hata mara moja. Modemu ilipiga, Tanga ikapokea, kisha kimya, kisha kwenye kioo yakatokea yale maneno mawili ambayo kila fundi wa zama zile anayaota: NO CARRIER. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha modemu. Siku ya tano nikaongeza sauti ya spika ya modemu hadi mwisho, tukakaa mimi na mzee tukisikiliza. Ikalia mara tatu kule Tanga. Ikapokewa. Halafu, kutoka ndani ya kisanduku cheusi mezani, ikatoka sauti ya mtu mzima aliyekatizwa usingizi:

"Haloo! Haloo! Ofisi haijafunguliwa. Piga saa mbili!"

Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku. Laini ya modemu ilikuwa na simu ya kawaida juu yake, na yeye, mtu mwaminifu katika kazi yake, aliiwahi kila asubuhi kabla seva haijaiwahi.

"Mjibu basi," mzee akaniambia.

"Hatusikii, mzee. Huyu hajui kusema."

"Sasa kama hajui kusema, amempigia nini?"

Kitaalamu dawa ni rahisi: unaiambia seva ipokee mlio wa kwanza, kwa amri ATS0=1, mlinzi asipate nafasi. Lakini simu ile ilikuwa pia ya dharura, na mchana watu waliipigia kwa mazungumzo. Modemu ikipokea kila mlio wa kwanza, wateja wangepigiwa filimbi masikioni. Dawa ikawa ya kijamii. Karatasi ilibandikwa ukutani Tanga: simu ikilia kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro robo, asubuhi au jioni, iache ilie. Mlinzi akaomba karatasi iwekwe muhuri, asije akalaumiwa. Ikawekwa.

Baadaye nilijua kwamba hatukugundua lolote. FidoNet, mtandao wa barua ulioanzishwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984 kwa kompyuta za nyumbani na laini za kawaida za simu, ulikuwa na sheria kama ile: saa maalumu ya usiku ambapo kila kituo huacha shughuli nyingine na kupokea barua tu. Kanuni yao kuu ilikuwa nyepesi. Barua inakaa kwangu mpaka nikupate. Nikikupata nakupa, nawe unaitunza mpaka umpate wa mbele yako. Hakuna anayehitaji laini saa zote. Kinachohitajika ni miadi.

Hesabu ya pumzi

Mwezi wa Aprili ukaja na masika, na masika yakaja na mkwaruzo. Maji yakiingia kwenye maungio ya waya wa shaba, laini hukoroma kama redio iliyopotea stesheni. Mtu na mtu husikilizana hivyo hivyo kwa kupaza sauti. Modemu hazina uvumilivu huo.

Jambo nililojifunza masika yale, na ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote cha maelekezo, ni kwamba modemu yenye tamaa huanguka. Modemu zetu ziliweza kwenda biti 28,800 kwa sekunde, na zikiachwa zijiamulie zilijaribu, zikashindwa, zikakata. Nikazilazimisha ziende 9,600 tu. Zikatulia. Nikaziongezea subira kwa amri S7=90, kila moja isubiri mwenzake sekunde 90 kabla ya kukata tamaa. Nikaongeza ATX3, inayosema: usingoje mlio wa kukaribisha, piga tu, maana mlio wa laini yetu haukufanana na ule ambao modemu ilifundishwa kiwandani. Na mawingu yakikusanyika upande wa milima ya Amani, tulichomoa waya wa simu ukutani. Radi haibishi hodi kwenye umeme peke yake.

Kwa 9,600, hesabu ni hii. Kila herufi hubebwa kwa biti kumi ukihesabu za kufungua na kufunga, kwa hiyo zinapita herufi 960 kwa sekunde. Taarifa ya siku ya shamba, yaani mita za mkonge uliokatwa, marobota yaliyofungwa, vibarua waliofika, ilikuwa herufi 3,000 hivi. Sekunde tatu na ushei. Barua ishirini za kawaida, dakika moja haiishi. Sasa mtu wa makao makuu anaamua kutuma picha ya sherehe yenye uzito wa kilobaiti 600. Picha haisafiri kwenye barua ilivyo. Hugeuzwa kuwa herufi kwanza, na kwa kugeuzwa hunenepa kwa theluthi moja. Zinakuwa 800. Ukigawa, ni dakika 14 za simu ili kumwona mtu anakata keki.

Tuliweka sharti kwenye programu ya barua: chochote kinachozidi kilobaiti 40 kibaki Tanga, Muheza ioneshwe kichwa cha habari tu. Mwenye haja na picha apande basi.

Watu hudhani vizuizi kama hivi ni ufukara. Nami nilidhani hivyo. Lakini angalia ni nini kinachoweza kupita kwenye sekunde moja ya laini mbovu. Mjini Muheza kuna Hospitali Teule, na hospitali hiyo ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 9 za Afrika vilivyoshiriki utafiti wa AQUAMAT, uliolinganisha dawa mbili za sindano kwa watoto wenye malaria kali. Walihusika watoto 5,425. Matokeo yalitoka mwaka 2010: waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesunate asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kwa watoto hao. Miaka ya kazi ya wauguzi, madaktari na wazazi iliishia kwenye namba mbili ambazo modemu ya 9,600 ingezipitisha kabla hujapepesa jicho. Uzito wa barua na uzito wa habari ni mizani mbili tofauti.

Nibipu nikupigie

Wiki ya tatu kila kitu kilifanya kazi, isipokuwa adapta. Bado ilifungiwa kwenye droo. Siku za majaribio mzee alikuja alfajiri kunifungulia, lakini sasa alifika saa 2 asubuhi kama alivyofika miaka yote, na saa 12 na nusu hapakuwa na wa kuifungua. Nilimwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua ulichokuja kuomba."

"Unaogopa nini hasa?"

Hakuogopa mashine. Aliogopa bili. Ofisi yake ilikuwa na fungu lake la simu, makao makuu walikuwa na lao, na sasa Tanga walikuwa wamepata njia ya kupata taarifa zao kila siku kwa pesa za Muheza. Bili ikizidi, atakayeitwa kujieleza ni yeye. Nilipofikiri vizuri nikaona alikuwa amelielewa jambo lote kuliko mimi.

Jibu lilikuwa limekaa muda wote ndani ya seva, kwenye ukurasa mmoja wa mipangilio ya mtumiaji ambao nilikuwa nimeuruka. Unaweza kuiagiza seva hivi: Muheza ikipiga, ipokee, isikilize jina na neno la siri, kisha ikate. Halafu yenyewe ipige Muheza, kwa namba iliyoandikwa mapema, na barua zipite kwenye simu hiyo ya pili. Simu ya kwanza Muheza inailipia, lakini haifiki dakika. Ndefu inalipwa na Tanga. Na kuna faida ya pili: hata mwizi akilipata neno la siri, seva itakata na kupiga Muheza, siyo kwa mwizi.

Miaka michache baadaye, simu za mkononi zilipoenea, nchi nzima iligundua jambo hilohilo na kulipa jina. Ulipiga mlio mmoja, ukakata, na mwenye salio akakupigia. Kubipu. Tofauti ni kwamba kubipu kulikuwa bure kabisa kwa sababu hakupokelewi, na seva yetu ililazimika kupokea kidogo ili ijue nani anabipu. Adabu yake ni ileile: mwenye haja ajulishe, mwenye uwezo alipe.

Na adabu hiyo ndiyo iliyosaidia kufikisha baruapepe Afrika Mashariki. Kuna daktari wa moyo wa Boston, Bernard Lown, mmoja wa waanzilishi wa umoja wa madaktari wa kupinga vita vya nyuklia uliopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1985. Baada ya hapo alianzisha SatelLife, na mtandao wake wa HealthNet, ili hospitali za nchi maskini zipate maandiko ya tiba. Muhimbili ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya awali. Walitumia setilaiti ndogo za kuruka chini. Moja yao, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Setilaiti ya namna hiyo haikai juu yako. Inapita mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika chache, inachukua barua zako, inadondosha zinazokuja kwako, inakwenda zake upande wa pili wa dunia. Kadiri simu zilivyoboreka, laini za kawaida na mtindo wa FidoNet zikachukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Huko London, shirika la GreenNet lilikuwa na daraja la kuviunganisha vituo vya FidoNet vya Afrika na intaneti, likiendeshwa na Karen Banks. Nairobi ilikuwa na kituo cha namna hiyo kwa mashirika ya mazingira na maendeleo. Kompyuta ya London ndiyo iliyokuwa ikipiga, kwa sababu simu kutoka Uingereza kuja Afrika ilikuwa nafuu kuliko simu kutoka Afrika kwenda Uingereza. Barua zilikuwa za wote. Bili ilibebwa na upande ulioweza kuibeba.

Nilimwonesha mzee karatasi ya kumbukumbu ya seva: saa ya kupigwa, aliyepiga, muda. Akaisoma mstari kwa mstari kama anavyosoma taarifa ya benki. Kisha akafungua droo, akatoa adapta, akaichomeka yeye mwenyewe.

Mkonge, mkonga, mkongo

Laini ile ilifanya kazi miaka kadhaa. Haikuharibika siku moja. Iliachwa tu, kama watu wanavyoacha njia ya mkato barabara ikitengenezwa. Simu za mkononi zilikuja na intaneti ndani yake. Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Dar es Salaam, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Sisi watu wa Tanga tuliochezea mkonge tangu utotoni, na kushika mkonga wa simu ukubwani, tukaona kama neno lenyewe limetufuata: kamba, kisha waya, kisha nyuzi za kioo.

Ule mtindo wa zamani, hata hivyo, haukwenda mbali. Ukiwa kwenye basi linalopanda kwenda Amani na mtandao ukapotea kwenye kona za msitu, ujumbe wako wa WhatsApp hukaa na alama ya saa, kisha tiki moja, kisha mbili. Saa ni "bado ninayo mimi." Tiki moja ni "imefika posta." Mbili ni "mwenyewe ameichukua." Ni S.L.P. ileile. Waliotengeneza programu zinazovumilia mtandao mbovu walirudi kwenye kanuni ya miadi na subira, na ndizo zinazotumika vijijini hadi leo.

Nina jambo moja lililobaki kuhusu mzee. Siku laini ilipokaa sawa, nilimwambia aandike barua yake ya kwanza. Hakwenda kwenye kibodi. Alichukua karatasi, akaandika kwa kalamu nyuma ya hati ya malipo iliyoharibika, akafuta neno, akafuta lingine, akabakiza mstari mmoja. Nilimtambua ni mtu wa enzi gani. Ujanani mwake simu ya maandishi ililipiwa kwa neno, na mtu aliyeandika "nawaarifuni ya kwamba" alikuwa tajiri au mjinga.

"Mzee," nikamwambia, "humu maneno hayalipiwi. Andika unavyotaka. Hata kurasa kumi zinapita."

Akaendelea kufuta.

"Najua hayalipiwi, mwanangu. Lakini huyo atakayesoma ana kazi zake."

Nilikuja kuielewa sentensi hiyo zaidi ya miaka kumi baadaye, siku nilipofungua sanduku langu asubuhi nikakuta barua 212 na hakuna hata moja iliyogharimu mtumaji wake kitu. Bili haikufutwa laini zilipokuwa nzuri. Ilihamia kwa msomaji, na kwake hakuna mwenye kushika ufunguo.